Niliona, Nikanyamaza

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumefundishwa tangu madarasa ya chini, nami siipingi hata kidogo. Lakini katika kisa nitakachowasimulia, wasomaji wapendwa, aliyekuwa na neno la kusema hakuwa mkuu. Alikuwa ni mimi, na sikulisema.

Sisi wa Taru hatuhitaji kuelezwa shida ya maji. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kuwa misafara ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda bara iliiogopa nyika hii, nayo ilitegemea maji ya mvua yaliyotuama katika mashimo ya mwamba papa hapa Taru. Reli ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika huku kwetu, wafanyakazi walikuwa wakiletewa maji kwa gari la moshi. Siku hizi bomba la Mzima linapita nyikani kwenda Mombasa, lakini si kila boma lililo na mfereji. Ule ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, nilikuwa ningali shule ya msingi. Nakumbuka mama na mimi tukiondoka kabla ya alfajiri na mitungi ya lita 20, tukirudi jua limekwisha kuwa kali na masomo yamekwisha anza.

Basi ndipo baba akaweka nadhiri. Alikuwa na gari letu la nyumbani, Pajero kuukuu ya dizeli ambayo rangi yake hata sisi hatuijui tena. Alisema siku akipata pesa ataiwekea chuma cha kuvutia tela, anunue na tangi la lita 1000, awe anatuletea maji, yatakayobaki awauzie majirani. Mafundi chuma hicho wanakiita tobaa. Nyanya aliposikia baba anataka kutia tobaa kwenye gari alicheka akasema, "Toba hutiwa moyoni, mwanangu, si kwenye gari." Tulicheka sana siku hiyo.

Pesa zilipatikana likizo ya Agosti mwaka huu. Siku ya Jumamosi tulifunga safari ya Mariakani, baba, mdogo wangu wa miaka tisa na mimi. Fundi alilala chini ya gari tangu asubuhi. Kazi ya chuma aliifanya vizuri, siwezi kumsema vibaya. Hakukifunga kwenye bampa kama wafanyavyo wengine, alikifunga kwenye chasisi yenyewe kwa bolti nne nene, kila moja na washa yake, akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwishoni mwa chuma kikakaa kile kitufe cha duara cha milimita 50, ambacho kikombe cha tela hukifunika. Akatuonyesha pia minyororo miwili ya usalama, ipishane kama herufi X chini ya ndoano, ili kikombe kikichomoka tela idakwe isianguke barabarani.

Kisha akatuambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Lita 1000 za maji ni kilo 1000, yaani tani nzima, bila kuhesabu tangi wala tela yenyewe. Tangi likikaa nyuma ya ekseli, tela huinua pua na kuanza kuyumba kama mlevi. Likae juu ya ekseli, limeegemea mbele kidogo. Na lijazwe pomoni au liwe tupu, kwa sababu maji nusu hupiga huku na huku na kulisukuma gari.

Taa ndizo zilizobakia mpaka saa kumi, na hapo haraka ikaingia. Soketi ya tela ina matundu saba na kila tundu lina waya wa rangi yake: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia na nyeusi ni taa za nyuma za kulia na kushoto, bluu ni ya taa ya ukungu. Mweupe ndio wa ardhi, au athi kama wasemavyo mafundi. Fundi aliziungaunga nyaya hizo kwa kuzisokota na kuzifunga tepu. Ule mweupe aliupigia skrubu kwenye bodi palepale karibu na soketi, juu ya rangi na kutu. Tukawasha, taa zikawaka. Baba akalipa, akakipaka kile kitufe grisi nyingi, tukaondoka na tela yetu, namba yake ya Z ikining'inia nyuma.

Tulifika Samburu magharibi ikiingia, tukasimama kwenye kioski kujaza maji. Mimi ndiye niliyeshika mpira juu ya tangi. Lilipojaa, baba akawasha taa na kusogeza gari kidogo ili kumpisha mwenye mkokoteni, nami nikiwa nimesimama nyuma. Alipokanyaga breki, taa za tela badala ya kung'aa zikafifia, zikawa kama makaa yanayotaka kuzimika. Indiketa zote mbili nazo zikatoa mwanga hafifu wa manjano bila kuguswa na mtu. Alipoiachia breki, taa nyekundu zikarudi.

Niliona, tena niliona mara mbili. Nami katika fizikia tulikuwa tumesoma muhula huo kwamba umeme ni lazima uende na urudi, usipopata njia ya kurudi hakuna saketi. Moyo uliniambia kuna kitu. Lakini baba alikuwa amechoka, ananiita, "Haya, mama, panda twende, usiku huu." Nikawaza, mimi ni nani nimfundishe baba gari? Aliendesha malori kabla sijazaliwa. Nikapanda. Nikanyamaza.

Ilikuwa yapata saa moja na nusu. Barabara ya Mombasa na Nairobi mnaijua, malori ni kama siafu. Tulipokaribia njia yetu ya vumbi inayoingia kushoto, baba akatia indiketa na kukanyaga breki taratibu kwa sababu ya mzigo. Nilisikia honi ndefu. Kisha mwanga ukajaa ndani ya gari kama mchana. Lori lililokuwa nyuma yetu likakwepa kulia, likapita, lakini pembe ya bodi yake ikaigonga tela.

Gari lilizungushwa nusu. Kichwa cha mdogo wangu kikagonga kioo. Kikombe kilichomoka kwenye kitufe, minyororo ikashika, lakini tela ikalala ubavu na tangi likapasuka. Nikasikia maji yanatoka. Wenzangu, sijui kama mmewahi kusikia lita 1000 zikimwagika katika nchi ya kiu. Dakika chache tu mchanga ulikuwa umezinywa zote.

Dereva wa lori alisimama mbele, akaja mbio na tochi. Tulidhani anakuja kutugombeza. Alimtazama mdogo wangu, damu zikimchuruzika usoni, akaketi chini kando ya lami akashika kichwa. "Mzee wangu," akamwambia baba, "sikuona breki. Haki ya Mungu sikuona breki wala indiketa. Nilidhani mnaenda tu." Baba akajibu kwa ukali kuwa taa ni mpya, zimefungwa leo. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mdogo wangu, na kila neno lilinichoma kama msumari.

Zahanati walimshona nyuzi tano juu ya jicho. Nesi alisema ingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda.

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nikamkuta baba uani anaitazama tela iliyopondeka, nikamwambia yote: taa nilizoziona Samburu, nilivyonyamaza, na kwa nini. Nilingoja makofi. Baba alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Fundi aliniambia tujaribu breki na indiketa kwa pamoja. Nikamwambia tumechelewa." Akanyamaza tena. Halafu akaniuliza, "Na ungeniambia pale Samburu, unadhani ningekusikiliza?"

Sikujua la kujibu. Mpaka leo sijui.

Jumamosi iliyofuata tulilala sote wawili chini ya gari. Tuliufungua ule waya mweupe. Nilipoipangusa skrubu niliona rangi haijakwaruzwa hata kidogo. Nikamweleza baba: umeme wa taa za tela ulikuwa hauna njia nzuri ya kurudi. Kule Mariakani ulikuwa ukirudi kwa kupitia chuma cha ndoano, ndiyo maana taa ziliwaka vizuri. Kitufe kilipopakwa grisi, njia ile ikaharibika, umeme ukaanza kutafuta vichochoro kupitia balbu nyingine. Breki ikikanyagwa vichochoro vinapungua, taa zote zinafifia. Yaani zilikuwa zikifa wakati uleule zilipohitajika.

Tulikwaruza bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama shilingi mpya, tukafunga waya kwa bolti na nati, tukapaka grisi juu yake baada ya kukaza. Nyaya nyingine tuliziyeyushia risasi badala ya kuzisokota, tukazipitisha mbali na eksosi, na pale zinapopita kwenye tundu la bati tukaweka mpira zisikatwe. Tela ilinyooshwa, tangi jingine likanunuliwa kwa mkopo ambao baba bado anaulipa. Nyuma tukabandika vibandiko vyekundu vinavyomeremeta.

Sasa gari letu lina sheria. Halitoki na tela, mchana wala usiku, kabla mtoto mmoja hajasimama nyuma na kupiga kelele: "Kushoto! Kulia! Taa! Breki! Zote pamoja!" Kazi hiyo ameichukua mdogo wangu. Ana kovu juu ya jicho la kulia, na sauti yake hufika mpaka barabarani. Siku moja alisema, "Baba, kulia haiwaki," naye baba akazima injini, akashuka, akabadilisha balbu bila neno. Mama alikuwa mlangoni. Aliniangalia tu.

Wenzangu, tumelelewa kuwaheshimu wazazi na walimu, na heshima ni jambo jema. Lakini nimejifunza kuwa kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kwa woga, na kwa nje vinafanana. Ukiona taa inafifia, sema. Sema kwa upole, sema kwa heshima, lakini sema kabla gari halijaondoka. Nanyi wazazi wetu na walimu wetu, tunawaomba mzime injini kidogo mtusikilize.