Neli Haikuwa Chafu

Mwalimu akifundisha kanuni moja kwa miaka mingi, huizoea hata akasahau kwamba ina mipaka. Nasimulia hapa yaliyonipata katika somo la kemia, huenda yakamfaa mwenzangu.

Katika kidato cha tatu nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba vitu vigumu huyeyuka zaidi majini kadiri maji yanavyopata moto. Sukari na shura ndizo zilizokuwa mifano yangu. Siku moja wanafunzi walikuwa wakipuliza pumzi katika maji ya chokaa ili waone weupe. Msichana mmoja alikuwa ameitumbukiza neli yake katika maji ya moto. Akaniita: "Mwalimu, yangu imekwisha kuwa nyeupe, nami sijapuliza." Nilitupa jicho mara moja, nikamjibu: "Neli yako ni chafu. Ioshe, uanze upya." Akaiosha. Muhula ule hakuniuliza swali jingine.

Miaka ikapita. Nilipokuwa nikitayarisha somo la koloidi, nilisoma habari za polima iitwayo poli-N-isopropilakrilamidi. Heskins na Guillet walichapisha uchunguzi wao juu ya tabia yake majini mwaka 1968; na mwaka 1986 Pelton na Chibante wakaeleza namna ya kutengeneza chembe za koloidi kwa polima hiyo. Wataalamu huweza pia kuvika chembe nyingine, mathalani za polistireni, koti la minyororo yake. Maji yakiwa baridi, minyororo hunyonya maji na kutanuka kama manyoya, ikizuia chembe zisikaribiane. Halijoto ipitapo nyuzi 32 hivi za Selsiasi, minyororo huachana na maji na kujikunja. Ikiwa maji yana chumvi ya kutosha, chembe hushikamana. Yakipoa, mara nyingi hutawanyika tena.

Sababu yake yafaa ielezwe darasani. Mnyororo una sehemu zinazoshikana na maji na sehemu zinazoyakwepa. Katika baridi, molekuli za maji hujipanga kwa utaratibu kuzizunguka sehemu hizo zote. Joto huvuruga mpango huo, maji yakapata uhuru wake, na sehemu zinazoyakwepa zikakumbatiana. Mfano wa nyumbani ni maziwa: chembe za kaseini nazo zina manyoya yanayozitenganisha. Tukitia ndimu, manyoya hulala, na maziwa huganda. Tofauti ni kwamba kwenye maziwa kichocheo ni asidi, nacho kwenye koti lile ni joto.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile neli. Sababu ya chokaa si ile ya minyororo, walakini tabia inayoonekana inafanana: kitu kinachotoka majini kwa kupashwa moto. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 1.7 za chokaa iliyozimwa. Maji yakikaribia kuchemka, huyeyusha chini ya gramu 1. Nililirudia jaribio peke yangu jioni moja. Maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa na ukungu. Nikayaacha yapoe, nikiyatikisa mara kwa mara, nayo yakaanza kung'aa tena. Weupe uletwao na pumzi hauondoki kwa kupoa namna hiyo. Basi neli haikuwa chafu. Aliyekosea ni mwalimu.

Tangu hapo somo hili nalianza kinyume. Neli mbili za maji ya chokaa safi hutolewa kwa kila kundi: moja hupulizwa, nyingine hutiwa katika maji ya moto, mdomo wake ukifunikwa kwa pamba bila kukazwa. Wanafunzi huandika kwanza walichokiona, kisha huzipoza zote mbili na kuandika tena. Kanuni huandikwa ubaoni mwishoni, pamoja na vitu visivyoifuata. Wakumbushwe kukinga macho, maana chokaa huunguza.

Msichana yule alikwisha maliza shule, wala sikupata nafasi ya kumwambia kwamba aliona sawasawa. Kwa hiyo, mwanafunzi aniitapo sasa kuonyesha jambo nisilolitarajia, humwomba alirudie mbele yangu kabla sijataja uchafu wa chombo.