Kolibeki iliyokufa Ijumaa usiku

Nilipotea kidogo, na sababu yenyewe inanitia aibu, lakini nitawaeleza.

Ofisi moja hapa Nairobi ina seva ya Linux inayoendesha mashine pepe kadhaa kwa KVM. Mojawapo ndiyo ya mishahara. Waliniomba programu ndogo ya Windows ya kuwatumia SMS mashine yoyote ikizimika. Nikaiandika kwa C# nikitumia maktaba ya libvirt. Unaipa maktaba fanksheni yako, nayo inaiita tukio likitokea. Hiyo ndiyo kolibeki. Ni kama kumwachia fundi namba yako akupigie kazi ikiisha.

Mwanzoni, kimya. Nazima mashine, nawasha, hakuna kitu, na baada ya kama nusu dakika seva inakata muunganisho. Hiyo nusu dakika ndiyo iliyonifungua macho. Kwa kawaida seva ya libvirt hukuuliza kila sekunde 5 kama bado upo, na usipojibu mwishowe inakata. Nilikuwa nimeita virEventRegisterDefaultImpl kabla ya kufungua muunganisho, kama inavyotakiwa, lakini virEventRunDefaultImpl niliiita mara moja tu. Hiyo huzunguka raundi moja ikarudi! Lazima ukae ukiiita ndani ya while, kwenye uzi wake, la sivyo hakuna wa kupokea simu. Nikarekebisha, matukio yakamiminika, nikaiacha siku mbili mezani kwangu bila tatizo, nikampelekea mteja.

Jumatatu asubuhi akapiga mama wa uhasibu. "Kijana wangu, mashine ya mishahara imezimika tangu Ijumaa usiku. Si ulisema itatuambia?"

"Pole mama, itakuwa ni mtandao," nikamjibu. Sikuwa nimeangalia chochote.

Nilipofika nikakuta programu yangu imekufa dakika ileile mashine ilipozimika. Yaani tukio lile nililopaswa kuwaambia ndilo lililoiua. Kwangu niliiendesha kama Debug, kwao ni Release, na siri ilikuwa hapo. .NET ina mzoa taka anayefuta kumbukumbu isiyotumika tena. Yeye huona upande wa C# tu. Hajui kuwa maktaba iliyoandikwa kwa C bado imeshika anwani ya kolibeki yangu. Nami niliiweka kwenye kigeu cha ndani ya Main. Katika Debug kigeu hicho huishi mpaka Main iishe, ila katika Release huhesabiwa kimekufa mara tu kinapotumika mwisho. Fundi ana namba yako, laini ilishafungwa.

Kuhakikisha, nikaweka GC.Collect() mara baada ya kusajili kolibeki, nikazima mashine ya majaribio. Programu chali papo hapo. Dawa ilikuwa mstari mmoja: kuishika kolibeki kwenye kigeu cha static. (Mwenye programu ya biti 32 aongeze pia CallingConvention.Cdecl kwenye delegeti yake. Biti 64 haina shida hiyo.)

Nikaenda mezani kwake. "Mama, haukuwa mtandao. Ni kosa langu."

Akanitazama juu ya miwani, akauliza swali moja tu: mishahara itatoka leo au haitoki? Nikavuta kiti nikakaa naye. Ilitoka saa mbili usiku.