Siku ya Tatu



Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila ilipofika mada ya methali nilieleza vivyo hivyo: “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe” maana yake ni kwamba mgeni asikae mno akawachosha wenyeji wake. Wanafunzi waliandika, nikasahihisha, nikawapa alama. Nilistaafu mwaka 2019. Sasa, nikiwa barazani kwangu hapa Ujiji, naona kwamba nilikuwa nikifundisha nusu tu ya methali ile. Nusu iliyobaki aliijua hayati baba yangu, na hakuipata kitabuni.

Sisi asili yetu ni ng’ambo. Mwaka 1964, vita vya waasi wa Simba vilipoenea mashariki mwa Kongo, baba alitupakia mtumbwini karibu na Baraka, mimi, mama na dada zangu wawili, tukalivuka Ziwa Tanganyika usiku. Nilikuwa na umri wa miaka mitano. Nakumbuka baridi ya maji chini ya nyayo zangu, na mkono wa mama uliotuziba vinywa kila mmoja wetu alipotaka kulia. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Ndani ya koti alificha cheti chake kilichoandikwa kwa Kifaransa, amekizungushia kipande cha mpira kisilowe.

Cheti kilifika kikavu, lakini hakikumfaa kitu. Katika ofisi aliyokipeleka, karani alikigeuza mbele na nyuma, akamrudishia bila neno. Shule za huku zilitumia Kiswahili na Kiingereza. Baba alikuwa na Kibembe, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo. Basi akawa mpagazi. Kila alfajiri alitembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi bandarini Kigoma, akabeba magunia na madebe ya mawese, na jioni akarudi na dagaa wa kutosha chakula cha siku moja. Mama aliniambia baadaye kwamba katika miezi ile baba hakuzungumza sana. Mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima alikuwa akiitwa kwa mluzi.

Aliyempa jembe alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kimanyema. Ujiji husifiwa kwa kuwa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, lakini sisi wenyeji tunaujua zaidi kuwa mji wa watu waliovuka. Wamanyema wenyewe walitoka ng’ambo, wengi wao wakifuatana na misafara ya pembe na ya watumwa ya karne ya 19, na si wote waliokuja kwa hiari. Yule mzee alimtazama baba akipita na madebe siku nyingi, kisha siku moja akamwita: “Bwana mwalimu, ugeni wako umekwisha. Kesho njoo ukae hapa.”

Kesho yake baba alianza kushona vifungo. Baada ya vifungo yakaja mapindo, kisha kupiga pasi ya mkaa, kisha kupima na kukata. Ilipita miezi mingi kabla hajaruhusiwa kukalia cherehani. Malipo ya mwanzo yalikuwa unga na samaki. Baadaye akapewa fungu lake katika kila nguo. Hatimaye mzee akamwachia cherehani moja kuukuu, akailipa kidogo kidogo kwa kukatwa katika ujira wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule ya msingi, sare zikahitajika kuliko wakati wowote. Tangu hapo hatukulala na njaa. Baba hakurudi darasani tena, ila kila Januari nyumba yetu ilijaa kaptula na mashati ya wanafunzi.

Lakini liko jambo jingine, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikwisha kuwa hodari wa Kiswahili cha shuleni, na nilimwonea baba haya. Siku moja alimwambia mama mmoja aliyekuja kushonesha: “Ulete batoto nibapime.” Nikarukia mbele ya mteja: “Si batoto, baba. Ni watoto. Na si nibapime, ni niwapime!” Yule mama akacheka. Baba akaendelea kukanyaga cherehani yake, hakuinua uso.

Jioni alinipa shati lililoshonwa mkono upande, akaniambia nilifumue. Nilivuta uzi kwa pupa, kitambaa kikachanika. Akalichukua mkononi mwangu akasema, kwa lugha yake ileile: “Uzi banafumula pole-pole, mwana. Ukivuta, nguo inapasuka.” Hakusema zaidi. Shati lile alililipa yeye.

Nami nilikuja kuwa mwalimu wa lugha, nikavuta nyuzi nyingi. Watoto wa mwambao huu waliponiandikia “mutu” na “batu”, nilizungushia wino mwekundu na kuwasomea makosa yao mbele ya wenzao. Nilijua fika kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kwamba ulikuwa uamuzi wa watu, na si sheria ya maumbile. Nilijua, lakini sikuwaambia. Usanifu una kazi yake, nami siukani. Nasikitikia tu namna nilivyoufundisha, kana kwamba lugha ya mama zao ilikuwa uchafu wa kufutwa.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 kutoka Burundi, waliokuja mwaka 1972 na wazao wao. Nilipoisikia habari ile nilimkumbuka yule mzee wa Kimanyema. Nilimkumbuka pia kwa uchungu nilipowafikiria Wakongo wa Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyopo tangu mwaka 1996. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 huwataka waishi katika maeneo waliyotengewa, na kutoka nje ni kwa kibali. Miongoni mwao wamo walimu na mafundi. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, na siku yao ya tatu haijafika.

Ndiyo maana naisoma upya methali yangu. Nilidhani jembe ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Kwa baba yangu, kupewa jembe kulikuwa ndiko kupokewa. Kabla ya hapo alikuwa amehifadhiwa tu.

Nimemtungia ubeti mmoja, nao nauacha hapa mikononi mwenu, malenga mnaojua kupima:

Baba alishika uzi, sindano ikamjibu,
Kavuka pasi makazi, na lugha kwake taabu,
Ugeni si upagazi, wa kubeba masaibu,
Mgeni mpeni kazi, kwani jembe ni karibu.

Mkiona neno limekaa upande, lifumueni. Pole-pole.