Kipupwe Kimeingia: Tule, Tutembee, Tubakize

Watu wa Ulaya huushangilia mwezi wa Juni kwa kuwa jua lao limerudi. Sisi wa kusini twaushangilia kwa sababu nyingine. Mvua zimekoma, njia zimekauka, ghala zina kitu, na baridi ya alfajiri yatufanya tuvute shuka. Hicho ndicho kipupwe, mlango wa kiangazi. Karibuni basi tutembee pamoja toka Nachingwea hata Ruangwa, tuone nchi hii yatuandalia nini msimu huu, na sisi yatupasa kuibakizia nini.

Tuanze Nachingwea, katika kata iitwayo Stesheni. Mtoto atauliza: stesheni ya nini, mbona hapana reli? Mwelezeni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ya kuzipeleka karanga pwani. Matrekta yaling'oa pori kwa haraka, lakini tabia ya udongo na ya mvua haikuchunguzwa vema. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Jina limebaki. Wakulima wetu wenye jembe la mkono waliendelea kupanda karanga zao kidogo kidogo, nao wanazivuna hata leo. Matembezi kama hayo ya Dominika mchana hayana nauli wala kiingilio, na watoto hurudi nyumbani na jambo la kufikiri.

Wakirudi, wapeni karanga za kuchemsha na maganda yake, au kashata. Lakini kwanza zichagueni. Karanga iliyovia, iliyosinyaa au yenye ukungu isiingie chunguni, wala asipewe kuku. Ukungu huo huleta sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 1916 haukuijua hatari hii, lakini sisi tumeiona: mwaka 2016 sumu hiyo iliyokuwa katika nafaka iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi anikeni juu ya turubai au mkeka, msianike juu ya udongo mtupu, na mhifadhi zikiwa kavu kabisa.

Sasa tushike njia ya Ruangwa. Mwezi wa Mei na Juni mtaona mashambani ufuta uliokatwa, umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Vikonyo vikifunguka, matita hupinduliwa juu ya turubai na kupigwa kwa fimbo, na mbegu humwagika kama mvua. Hiyo ndiyo fedha ya nchi hii. Ufuta huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika vilivyo chini ya RUNALI, jina lililoungwa kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Hapa nina neno kwenu, akina baba. Siku ya mnada nyumba nyingi hupeleka magunia yote, isibaki hata kibaba. Januari watoto huimba njaa, na mbegu ya kupanda yatafutwa kwa mkopo. Kabla ya kwenda ghalani, pimeni kwanza mbegu, kisha pimeni cha nyumbani. Na mama apate vikombe viwili vya kashata, kwa namna hii.

Chagueni mchanga wote katika ufuta, mkaange bila mafuta kwa moto mdogo hata unukie, kisha mwuweke kando. Chukueni kikombe kimoja cha sukari na robo kikombe ya maji, chemsheni hata iwe nzito na kugeuka rangi ya asali. Kamulieni matone machache ya ndimu. Mimineni ufuta, korogeni upesi, tandazeni juu ya sinia iliyopakwa mafuta, mkate vipande kabla haijapoa. Watoto wakae mbali, maana sukari ya moto huunguza kuliko maji.

Lakini tunu ya kipupwe haiuzwi mnadani. Ni ming'oko. Wenyeji wa Lindi na Mtwara hawahitaji kuelezwa. Mgeni na ajue kwamba ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vya mmea utambaao juu ya miti. Majani yake yakinyauka, wajuao hufuata ule mtambaa mpaka chini na kuchimba. Huoshwa udongo wote, huchemshwa kwa chumvi hata maji yakaribie kukauka, na mwenye mafuta hutia kidogo. Vikiliwa vya moto pamoja na chai asubuhi ya baridi, mtu hasemi neno.

Kwenda kuchimba ming'oko ni matembezi mazuri ya jamaa nzima, nayo ni shule. Nendeni na bibi au mtu mzima aijuaye mimea, kwa maana porini iko pia ndiga, ambayo isipolowekwa na kutayarishwa vema huwa sumu. Mtoto asile kiazi alichochimba peke yake.

Na hapa ndipo penye hofu yangu. Pori linafyekwa kwa mashamba mapya ya ufuta na ya mikorosho, na wachimbaji wengi siku hizi huchimba kwa ajili ya soko. Mwenye haraka hung'oa mmea mzima, huacha shimo wazi, akaenda zake. Mwaka ujao hapo hapaoti kitu. Bibi zetu walitoa viazi, wakaacha shina na mizizi yake, wakafukia shimo. Kwa hiyo mvua iliporudi, mmea ulichipua tena. Wafundisheni watoto kufukia kabla ya kuwafundisha kuchimba.

Kadhalika moto. Nyasi zikikauka, kijiti kimoja cha kiberiti chatosha kuteketeza kilima, na mikorosho inayoanza kutoa maua ikaungua pamoja na pori. Anayechoma viazi matembezini na azime kwa maji na mchanga, asiondoke mpaka majivu yawe baridi.

Msimu ungali mrefu mbele yetu. Mbaazi mbichi za kuchemsha na maganda zitafuata, kisha mabibo na korosho, kisha maembe. Kila kimoja kitakuja kwa zamu yake, ikiwa tumekiachia mahali pa kurudi. Jumamosi hii mwulizeni bibi ming'oko ilichimbwa wapi zamani, mchukue jembe moja na kikapu kimoja, mwende naye.