Kutafuta Kosa

Msomaji, kila chombo kina siku yake ya kugoma, na siku hiyo humpima mwenye chombo kuliko inavyokipima chombo chenyewe. Nitakusimulia jinsi nilivyopimwa nikaonekana pungufu, ili wewe usipungue pale nilipopungua.

Nyumbani kwangu mna kompyuta ya mezani. Ndani yake zimo hesabu za chama cha akiba cha majirani, walionichagua kuwa katibu wao. Ilikuwa ikitumia Windows 10, mfumo ambao msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fedha za watu ni amana, nami sikutaka kuiweka amana nyuma ya ua lisilotengenezwa tena. Nikaazimu kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo hudai kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0, na katika kompyuta yangu kinga hiyo ilikuwapo ila imezimwa. Kuiwasha kulitaka niingie katika mipangilio ya asili ya kompyuta.

Pengine utauliza mipangilio hiyo ni nini. Kabla Windows haijaamka, huamka kwanza programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa kompyuta. Zamani iliitwa BIOS. Katika kompyuta za siku hizi ni UEFI. Kazi yake ni kama ya bawabu: huvikagua viungo vya kompyuta, kisha huufungulia mfumo mkuu. Atakaye kusema na bawabu huyu sharti abonyeze kitufe maalumu, aghalabu F2 au Del, mara tu kompyuta inapowashwa. Akichelewa kidogo, Windows hutokea, na nafasi imempita.

Niliwasha, nikabonyeza F2, Windows ikatokea. Nikabonyeza Del, ikatokea tena. Nilirudia hata vidole vikauma. Ndipo nikakumbuka kuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliitumia kompyuta ile usiku uliotangulia. Sikumwuliza, nilimhukumu. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba ameharibu mali isiyo yake, na kwamba tangu siku hiyo asiiguse. Kijana hakujibu. Aliinamisha kichwa akatoka.

Husemwa kuwa penye wazee hapaharibiki neno. Siku ile mzee alikuwapo, na neno likaharibika.

Jioni alirudi akasimama mlangoni. "Mjomba," alisema, "naomba nikuulize neno moja tu. Unapoiwasha, taa za kibodi huwaka lini?"

Sikuwa na jibu, kwa maana sikupata kutazama. Tukaiwasha, tukatazama pamoja. Kibodi ilikaa giza tangu mwanzo hata Windows ilipotokea. Ndipo taa yake ikawaka. Kumbe wakati wote nilipokuwa nikibonyeza, kompyuta haikusikia kitu! Tukaufuata waya. Haukuingia katika kompyuta, bali katika kidude kigawacho tundu moja kuwa manne, nilichokichomeka mwezi uliotangulia kwa mkono wangu mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imepangwa kuamka upesi, na katika haraka yake haikungoja kuitambua kibodi iliyo nyuma ya kidude kile. Kijana aliuchomoa waya, akauchomeka moja kwa moja katika tundu la nyuma la kompyuta. Tuliwasha, akagonga Del mfululizo, na mipangilio ikafunguka.

Baadaye nilijifunza kuwa upo mlango mwingine. Ndani ya Windows, ukishikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, utaletewa orodha ya utatuzi, na katika kompyuta nyingi za UEFI humo mna njia ya kufika kwenye mipangilio hiyo. Tena, kuizima Windows huenda kusiwe kuzima kamili, kwa kuwa yaweza kuweka akiba sehemu ya kazi yake ili iamke upesi; kuwasha upya ndiko huanza mwanzo.

Nilimwita mama yake, nikamwomba kijana radhi mbele yake, kwani hapo ndipo nilipomvunjia heshima. Hesabu za chama zikahamia salama katika mfumo mpya, na aliyezihamisha ni yeye.

Msomaji, tofauti yetu haikuwa elimu. Mimi nilibonyeza nikitaka kushinda. Yeye alitazama akitaka kujua. Chombo chako kikigoma, anza na kilicho karibu na mkono wako, hasa ulichokigusa mwisho. Badili kitu kimoja, tazama, kisha ubadili kingine; ukibadili vitano pamoja, hutajua kipi kilichoponya. Na kabla hujamtaja mtu, maliza kwanza kukagua nyaya. Kompyuta ikisingiziwa haiumii, lakini kijana aliyesingiziwa huikumbuka siku hiyo muda mrefu.