Ukulima wa Kanyangi, Zamani na Siku Hizi

Msafiri atokaye mjini Kitui kuelekea kusini huona nchi ikibadilika kidogo kidogo. Vilima vya Kitui ya kati hubaki nyuma, miti hupungua kimo na kuzidi miiba, na makorongo ya mchanga huikata njia kila baada ya mwendo mfupi. Ndipo afikapo Kanyangi. Upande wa magharibi uko uwanda mrefu wa Yatta, uliofanyika kwa mawe yaliyomiminika kutoka volkano zamani za kale, na ambao urefu wake wakaribia kilomita 300. Chini yake wapita mto Athi, na ng'ambo ya mto ni Makueni. Mgeni apitaye hapo mwezi wa Septemba, wakati majani yamekauka na mbuzi wanatafuna matawi, huenda akadhani kwamba nchi hii haiwezi kumlisha mtu. Hata hivyo watu wamelima huku vizazi vingi, na namna yao ya kulima imebadilika zaidi ya mara moja. Habari ya mabadiliko hayo yafaa kufikiriwa, kwa maana si kila jambo jipya liliwashibisha watu, wala si kila jambo la kale lilistahili kuachwa.

Katika karne ya 19 Wakamba wa Kitui walijulikana hata pwani kwa biashara ya pembe za ndovu. Lakini nyumbani riziki ilitegemea shamba na zizi. Udongo ulichimbwa kwa muo, yaani mti mgumu uliochongwa ncha, na kazi kubwa ya shamba ilikuwa ya wanawake. Walipanda uwele, mtama, kunde, mbaazi na pojo, mara nyingi zikichanganywa katika shamba moja, ili mvua ikikatika mapema, mmea mmoja ukifa mwingine upone. Wanaume na vijana waliwapeleka ng'ombe malishoni mbali na vijiji, katika kambi zilizoitwa syengo. Ng'ombe hao ndio waliokuwa akiba ya nyumba: mahari ililipwa kwao, na chakula kilipokwisha walibadilishwa kwa nafaka kwa majirani waliopata mvua.

Njia hiyo ilikuwa na hekima, lakini haikuwa kinga kamili. Njaa ya mwisho wa karne ya 19, iliyowaua watu wengi sana, ilipewa na Wakamba jina la Ngomanisye, maana iliingia kila mahali wala haikuacha nyumba. Kila njaa kubwa iliyofuata ilipewa jina lake, na majina hayo yamekuwa kitabu cha historia ya nchi.

Utawala wa Waingereza ulipokuja, sehemu kubwa za malisho ziliwekwa mipaka. Watu na mifugo wakaongezeka mahali palipobaki, majani yakaisha, na mvua ikaanza kuuchukua udongo. Katika miaka ya 1930 maofisa walisema kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe, na mwaka 1938 ng'ombe wengi wa Machakos wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini amri ile ya kuchukua ng'ombe ikaachwa.

Baadaye ikaja amri ya kuchimba matuta. Machifu walikusanya watu siku maalumu za juma, na asiyefika alitozwa faini. Matuta yalichimbwa, lakini mengi yalikuwa membamba, na mvua kubwa moja iliyabomoa. Kisha uhuru ulipokaribia watu waliyaacha, kwa sababu katika fikira zao matuta na kulazimishwa yalikuwa kitu kimoja.

Msomaji asidhani kwamba habari ya matuta iliishia hapo. Kwanza huko Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, kisha na sehemu za Kitui, wakulima wenyewe walipendelea tuta la namna nyingine liitwalo fanya juu. Mtu huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, si wa chini. Maji ya mvua hukwama nyuma ya tuta, udongo mzuri hutua hapo, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa limeinama huwa kama ngazi. Kazi hiyo ilifanywa na mwethya, chama cha majirani kinachosaidiana kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho. Mwaka 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo udongo ulihifadhiwa vizuri zaidi kuliko zamani. Kitui ni kavu zaidi na iko mbali zaidi na masoko ya Nairobi, kwa hiyo mambo yake hayakwenda upesi hivyo. Lakini funzo ni lile lile. Kilichokataliwa kilipoletwa kwa fimbo kilipokelewa watu walipoona faida yake kwa macho yao.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la chakula chenyewe. Mahindi yaliingia polepole, kisha yakatawala. Sababu zake ni wazi. Uwele na mtama huliwa na ndege, nao lazima walindwe tangu alfajiri hadi jioni, kazi iliyokuwa ya watoto. Watoto walipokwenda shule, nani angebaki shambani na kombeo? Mhindi una maganda yake ya kujifunika. Tena mahindi hufaa kwa isyo na kwa muthokoi, vyakula ambavyo hakuna nyumba ya Ukambani isiyovijua. Mwaka 1968 wataalamu wa Katumani, karibu na Machakos, walitoa mbegu ya mahindi inayokomaa kwa miezi mitatu hadi minne, ili iwahi kabla mvua haijakwisha. Mbegu hiyo iliwasaidia wengi. Lakini hata mhindi wa Katumani hauvumilii kiu kama uwele. Mvua ikikatika majuma mawili wakati wa kutoa maua, mkulima huvuna mabua. Katika miaka ya 1980 ilikuja njaa ambayo Wakamba waliiita Nikwa Ngwete, yaani nafa nikiwa na fedha mkononi: fedha zilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo.

Kuhusu maji, Kanyangi imejifunza kutafuta mahali pasipoonekana. Mito ya huku, kama Tiva, hupitisha maji siku chache tu, kisha hubaki mchanga mtupu. Tangu zamani wanawake walichimba visima katika mchanga huo, wakishuka chini zaidi kadiri kiangazi kilivyozidi. Katika miaka ya 1950 zilianza kujengwa kuta za saruji na mawe kukata mito hiyo, na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta za namna hiyo katika Kitui. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake, kiasi cha robo au theluthi ya ujazo wote. Jua haliyafikii kwa urahisi, wala mbu hawazai humo. Penye ukuta kama huo mtu huweza kumwagilia sukuma wiki na nyanya wakati jirani wa mbali anatembea na punda kutafuta maji ya kunywa. Basi ni dhahiri kwa nini malori yachotayo mchanga mitoni ili kujenga majumba ya mijini ni hatari: hayachukui mchanga tu, huchukua na kisima.

Serikali ya Kaunti ya Kitui, iliyoanza mwaka 2013, iliwahimiza wakulima mwaka 2018 kupanda pojo, ambazo wengi huziita ndengu, ziwe zao la fedha. Shauri hilo lilifaa nchi hii, kwa kuwa ndengu hukomaa upesi na hutaka maji kidogo. Lakini wote wanapovuna mwezi mmoja bei hushuka, na mwenye deni huuza siku hiyo hiyo kwa bei ya mnunuzi. Mwenye ghala na subira hupata zaidi.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Jambo hilo limerudisha swali la zamani katika kila nyumba. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, na kabla hazijanyesha mkulima wa Kanyangi hushika mbegu mkononi na kuamua. Akipanda mahindi peke yake, ameweka chakula cha mwaka mzima juu ya wingu moja. Akipanda mahindi kidogo penye tuta lishikalo maji, na mtama, uwele, kunde na ndengu mahali pengine, atakuwa na kazi ya kufukuza ndege, naye huenda asipate magunia mengi katika mwaka mwema; lakini katika mwaka mbaya watoto wake watakula. Mababu walijua hesabu hiyo bila kalamu. Wajukuu wana kalamu, wana matuta, wana maji mchangani na mbegu bora kuliko zile za kale. Wakiyaunganisha hayo na tahadhari ya wazee, huenda njaa ijayo isipate jina.