Mwavuli wa Karani: Kumbukumbu ya Rafiki na Kazi ya Mhakiki

Jina la Kilindini limetokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Ndiyo sababu meli kubwa hutia nanga huko, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, ilhali majahazi yalizoea bandari ya kale iliyo mashariki. Hapo zamani Kilindini ulikuwa mji. Wenyewe, Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thelatha Taifa, na baadaye walihamia upande wa pili wa kisiwa, katika eneo liitwalo leo Mji wa Kale. Njia hiyo ya kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale ndiyo aliyoipita kila jioni, kwa miaka mingi, karani mmoja wa bandarini ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia yaliyoshushwa melini.

Karani huyo hakujiita mshairi, wala hakupenda kuitwa hivyo. Alitunga kama wengine wachezavyo bao au washonavyo kofia za vito: kwa kuipumzisha roho baada ya kazi. Tungo zake alizianza njiani na kuzimalizia barazani, Kibokoni, mbele ya rafiki yake aliyekuwa fundi wa cherehani. Fundi mwenyewe hakutunga hata ubeti mmoja, lakini sikio lake halikukosea. Mshororo ukizidi mizani moja tu, aliinua kidole kutoka kwenye kitambaa, na karani akarudi nyuma kuutengeneza. Maudhui yalikuwa ya kila siku: bei ya samaki, paa livujalo, msimamizi asiyeitikia salamu, mahamri yaliyoungua siku ya wageni. Tungo hizo hazikupelekwa gazetini wala redioni. Zilibaki katika daftari la hesabu lenye jalada jeusi.

Karani alipofariki, na siku za matanga zilipokwisha, mjane wake alilipeleka daftari hilo kwa fundi. "Shemeji," alimwambia, "mwenzio aliusia daftari hili lije kwako. Wewe ndiwe uyajuaye ya humu." Vijana wa marehemu walitaka kulipiga chapa, kiwe kijitabu cha kuwagawia jamaa. Walilisoma lote wakaona kasoro moja tu. Katika shairi la mwavuli, mshororo wa tatu wa ubeti wa nne ulikuwa umeingia maji na wino wake kufutika. "Ami," walimsihi fundi, "vina viko wazi. Tia maneno yako tu. Nani atajua?"

Fundi hakuhitaji kutia maneno yake. Mshororo ule aliukumbuka neno kwa neno, na shida ilikuwa hiyo.

Masika mmoja karani alikuwa amemwazima mwavuli mpya, ukapotea. Fundi, kwa kukosa fedha za kununua mwingine na kwa kuona haya, alikana mbele ya watu kwamba aliwahi kuupokea. Miezi ikapita wawili hao hawasemezani. Kisha jioni moja karani akaja barazani na shairi. Waliokuwapo walicheka, kwani juu juu lilikuwa ni dhihaka kuhusu mwavuli uliotoroka kwao kwa kuchoka kunyeshewa. Ni mshororo mmoja tu uliobadili mkondo, ukisema kwamba aliyeukana mwavuli alikwisha kumkana na mwenye mwavuli. Fundi alicheka pamoja na wenzake. Watu walipotawanyika, alibaki akaomba radhi, na wakapatana. Sasa karani hayupo, waliocheka hawakuwa wamefahamu, na maji yameufuta ushahidi. Kukaa kimya kulitosha.

Hali hii yafaa kuzingatiwa na kila anayeshughulika na ushairi wa Mombasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushairi huo imefika kwetu kwa njia hiyo hiyo. Mfano ulio mashuhuri ni Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Huyu alikuwa mfanyabiashara, na alitunga kuhusu vita na siasa za Mazrui, lakini pia kuhusu mapenzi, ufukara, safari na mambo ya nyumbani. Utawala wa Mazrui ulianguka mwaka 1837, na miaka michache baadaye Muyaka naye akafa. Hakuacha diwani iliyochapwa. Tungo zake ziliishi vinywani mwa watu wa mji. Aliyejitwika kazi ya kuzikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Aliziandika kwa hati za Kiarabu pamoja na maelezo yake, na mmisionari W. E. Taylor akazinukuu kwa hati za Kirumi. Karatasi hizo zilihifadhiwa London, W. Hichens akachapisha diwani mwaka 1940 huko Johannesburg, na mwaka 1979 utafiti wa Mohamed H. Abdulaziz kuhusu Muyaka ukatoka Nairobi.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua. Aidha, alichokijua si maneno peke yake. Shairi la tukio huzaliwa na kisa, na kisa hakimo ndani ya mizani kumi na sita. Msomaji wa leo akikuta fumbo la mwavuli, au la jahazi, au la nyumba, aweza kulihesabu vina na kulisifu kwa ufundi wake, asijue ni nani aliyekuwa akiambiwa. Fani humfikia nzima nzima, mlengwa humpotea. Ndiyo maana maelezo ya mkusanyaji hayafai kuchukuliwa kuwa nyongeza ya pembeni. Ni nusu ya shairi.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, ambao wahakiki hawajaupa uzito wa kutosha. Anayekumbuka ana mamlaka. Aweza kuacha, kulainisha au kujaza, na mwandishi aliye kaburini hana la kujibu. Hakuna arudhi iwezayo kumbana, maana mshororo wa uongo waweza kutimiza vina na mizani kuliko ule wa kweli. Kinachoweza kumbana ni uaminifu wake kwa mwenziwe.

Fundi alikaa na daftari siku kadhaa. Alipolirejesha, mahali palipofutika palikuwa pameandikwa mshororo wenyewe, kwa hati yake nzito isiyozoea kalamu. Chini ya ubeti aliongeza maneno machache: kwamba mwavuli aliupokea yeye, kwamba alikana, na kwamba alisamehewa usiku ule ule. Vijana walimwuliza kama maelezo hayo nayo yapigwe chapa. Aliwajibu kwamba bila hayo, jamaa watadhani marehemu alikuwa akililia mwavuli.